TAHADHARI: Anayejiita dalali wa mahakama anadai madeni kwa simu. Kanichukulia 180,000

Nimelia tangu jana, lakini nasema ili asilie mwengine.

Jumatano asubuhi nipo jikoni, simu ikaita. Salamu nzuri, kisha akanitaja majina yangu matatu. Eti yeye dalali wa mahakama, nina baki ya 180,000 kwenye ule mkopo wa simu (mnaujua, wa wakati mama anaumwa). Nisipolipa kabla ya saa nne anavuka kuja Pemba na amri, anapita kwa sheha, wanabeba friji majirani wanaangalia. Nikamwambia mie nimeshamaliza. Akasema hiyo ni faini, ulichelewa siku tisa. Na kweli nilichelewa siku tisa! Hapo ndipo nilipolegea. Akanisomea namba ya kitambulisho changu yote, akamtaja na shemegi yangu kwa jina. Mtu anayajua yote hayo, utamwitaje tapeli? Tena ananiita "mama yangu", hajapandisha sauti hata mara moja. Nikaenda kabatini nikatoa pesa za wachumaji karafuu, za kuwalipa pishi zao Ijumaa, nikatuma huku mkono unatetemeka. Mpaka ya kutolea nikaongeza.

Saa tano akataka 95,000 nyengine. Nikakataa. Adhuhuri haijaadhiniwa, mkwe wangu, mwalimu mkuu na wenzangu wa kikundi cha hisa wote wameshatumiwa picha yangu imeandikwa MWIZI. Mkwe wangu, jamani!

Huyu akamatwe, afungwe, na picha yake nayo isambazwe tuone atajificha wapi. Mungu hatomwacha.

Nilipotuma lilitokea jina la mtu tu, si la kampuni. Barua hakuna, na sheha hajui lolote. Dalali wa mahakama huja na amri ya mahakama mkononi, hatumiwi pesa kwenye simu yake. Na kuchelewesha deni si wizi. Majina ya watu wangu aliyapata kwenye ile programu ya mkopo, iliomba ruhusa nikabonyeza kubali. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, nami sikuangalia kabla ya kukopa. Ujumbe wake nimeupeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi nimeandikisha.

Mliotumiwa ile picha, ifuteni. Deni nililimaliza mwezi wa pili, na ujumbe wa malipo ninao, nitamwonesha yeyote.