Bunduki ya Risasi Moja Iliyoundwa kwa Oda: Tathmini Baada ya Misimu Miwili

Bunduki hii ya kuwindia niliundiwa na fundi mmoja juu ya mtambo wa Ruger No. 1 wa kampuni ya Ruger ya Marekani, uliotoka mwaka 1967 na ambao asili yake ni ule aliousajili John Farquharson wa Uskoti kwa hataza mwaka 1872. Ukivuta chini wenzo ulio chini ya kifyatulio, pande la chuma linaloziba chemba hushuka, ganda tupu huruka nje, nawe huingiza risasi nyingine kwa mkono. Kwa kuwa haina magazini wala boliti (komeo la chuma linalofunga chemba) ya kurudi nyuma, huwa fupi kwa takriban inchi 4 kuliko bunduki ya boliti yenye mtutu wa urefu uleule, na faida hiyo utaijua ukipenya kwenye vichaka.

Uhodari wa fundi uko kwenye kitako. Alichagua gogo la mjozi ambalo nyuzi zake zimenyooka kwenye shingo, mahali ambapo kitako hupasuka kwa urahisi, kisha zikajipinda kama moshi kuelekea begani. Nakshi za kushikia zina mistari 24 kwa inchi. Nilizikagua kwa lenzi na sikuona hata mstari mmoja uliovuka mpaka. Ukipitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma, haukwami. Hata mifuo ya skrubu zote imelala sambamba na mtutu, jambo lisilosaidia kulenga hata kidogo, lakini nakiri kwamba ndilo ninaloonyesha wageni kwanza.

Kasoro ilikuwa kwenye mbao ya mbele, ile iliyo chini ya mtutu. Ilibana mtutu upande mmoja, hivyo risasi mbili za kwanza zilipiga pamoja na kuanzia ya tatu, chuma kikishapata moto, zikaanza kupanda. Niliirudisha, fundi akakwangua sehemu iliyogusana, na sasa risasi tatu za mita 100 hufunikwa na kiberiti kimoja.

Wanaolalamika kwamba risasi ya pili huchelewa wana haki kwa wanyama wakali, na huko nisingeibeba. Kwa swala, sijawahi kuihitaji hiyo risasi ya pili. Ningemwagiza fundi yuleyule nyingine, ila safari hii angeifyatua mara tano mfululizo mbele yangu kabla sijaipokea.