Chupa Tatu Badala ya Chardonnay ya Elfu Kumi

Karibuni, watazamaji wetu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, nyote mliotimiza miaka 18. Mezani leo kuna chupa tatu, kila moja chini ya shilingi 2,000. Tunazipima dhidi ya Chardonnay, waini nyeupe za zabibu ya jina hilo, za Burgundy kule Ufaransa, zile za Meursault na Puligny-Montrachet, ambazo ukizipata hapa nchini huenda ukaitishwa zaidi ya elfu kumi kwa chupa moja.

Kwanza ujue unalipia nini, maana usipojua utabeba chupa isiyofaa. Pipa la Burgundy hubeba lita 228, yaani chupa 304 tu, na gharama ya pipa jipya la mwaloni lazima igawanywe kwa hizo 304. Juu yake kuna bei ya mashamba, ambayo ni madogo na yanagombaniwa na wanunuzi wa dunia nzima. Lakini ile harufu ya siagi ambayo wengi wetu tunaipenda haitoki kwenye pipa. Kuna bakteria wanaogeuza asidi ya tufaha kuwa asidi ya maziwa, na katika kazi hiyo hutoa diasetili, ambayo ndiyo inayonukia siagi. Kazi hiyo inafanyika hata kwenye tangi la chuma. Pipa linaleta vanila na harufu ya moshi kidogo. Ule uzito mdomoni nao hutokana na waini kulazwa miezi kadhaa juu ya machicha ya hamira. Haya yote yanaweza kufanywa nje ya Burgundy, tena kwa zabibu nyingine.

Onyo moja kabla hatujafungua. Chardonnay ya mwaloni ya bei ya chini kabisa, iache. Mara nyingi imetiwa vipande vya mwaloni ndani ya tangi badala ya kuwekwa kwenye pipa. Ukinywa, vanila inatangulia kwa nguvu, katikati hakuna kitu, na mwishoni unabaki na uchungu wa mbao.

Chupa ya kwanza, na ndiyo ninayoipa alama za juu, ni Chenin Blanc ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Chenin ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote nchini humo, na kuna mashamba ya mizabibu mizee ambayo bado bei yake haijapanda kama ya Chardonnay. Angalieni rangi hapa kwenye mwanga: ni dhahabu, si maji. Ukinusa unapata peasi lililoiva, asali kidogo, na kwa mbali karanga. Lebo ya nyuma inasema sehemu yake imechachushwa ndani ya pipa, na hapo ndipo siri ilipo. Sitaji kampuni kwa sababu shehena za dukani hubadilika. Geuza chupa utafute maneno "barrel fermented" (imechachushwa kwenye pipa) au "lees" (yale machicha ya hamira). Shingoni ukiona muhuri wa "Certified Heritage Vineyards", mizabibu hiyo imefikisha angalau miaka 35. Usichanganye na Chenin nyepesi. Petit ya Ken Forrester, kwa mfano, ni nzuri sana, ila haijapita kwenye pipa, kwa hiyo anayetafuta ladha ya pipa hataipata humo.

Chupa ya pili ni Chardonnay yenyewe, isiyo na mbao, kutoka Robertson, Afrika Kusini. Lebo inasema "unwooded". Robertson ina udongo wa chokaa, na hii ndiyo ya kumpa mtu anayependa Chablis, Chardonnay kali ya kaskazini mwa Burgundy: limau, tufaha bichi, ukali safi. Haina uzito wa ile ya kwanza, na haikukusudiwa kuwa nao.

Ya tatu ni ya nyumbani, Leleshwa Sauvignon Blanc ya Naivasha, kaunti ya Nakuru. Si Chardonnay na hainukii kama Chardonnay. Ina majani mabichi na ukali zaidi. Nimeiweka kwa ajili ya chakula. Ngege wa kukaanga mzima, limau pembeni, kachumbari: hapo inaipita chupa ya kwanza. Samaki akiwa wa mchuzi wa nyanya, bado chagua ya pili au ya tatu, maana ukali wa nyanya huifanya waini laini ionekane imepooza. Osuga, yaani managu, ile mboga chungu ya kienyeji, ni mtihani mgumu, kwa sababu uchungu wake huamsha uchungu wa mbao. Ikipikwa kwa maziwa, uchungu unapungua na ile Chenin inakaa vizuri nayo.

Kuhusu bei, ushuru wa bidhaa kwenye waini hapa Kenya hufuata kiwango cha pombe, si bei ya chupa. Ya mia nane na ya elfu mbili, zote zikiwa na asilimia 13, hulipa sawa. Toa ushuru, kioo, usafiri na faida ya duka, uone waini ya mia nane imebakiwa na nini. Ukipanda hadi 1,500 hivi, sehemu kubwa ya nyongeza inaingia kwenye waini yenyewe.

Joto la Kisumu ndilo linaloharibu chupa nyingi. Usichukue iliyopigwa na jua dirishani, au yenye kizibo kilichosukumwa juu, au iliyogeuka kahawia. Ukifungua ukanusa tufaha lililopondeka, hewa na joto vimeshaimaliza. Zisizo na mbao, chagua za mwaka jana au juzi, ikiwezekana zenye kifuniko cha kuzungusha.

Nyumbani, ndoo yenye barafu, maji na konzi ya chumvi hupoza chupa kwa dakika 15 hadi 20. Barafu peke yake huchelewa, kwa sababu haigusi kioo chote. Ya pili na ya tatu zinywe kwenye nyuzi 8 hadi 10. Chenin ya pipa itoe friji dakika 20 kabla, ifike 12 hivi. Ikiwa baridi sana harufu yake haisikiki. Ikibaki, ifunge uirudishe friji, na uimalize ndani ya siku tatu.