Tangi la paneli la lita 24,000: nyota nne kwa tangi, moja kwa waliolifunga mara ya kwanza

Nasimamia jengo la wapangaji la ghorofa nne, na kwa miezi 14 sasa wote tunakunywa, tunaoga na kufua kwa maji ya tangi hili. Kabla ya kununua nilisoma maoni ya watu kadhaa wanaosema matangi ya kuunga paneli kwa paneli "yanavuja tu, usipoteze hela". Nikasita. Letu nalo lilivuja, tena vibaya. Leo halivuji, na paneli ni zilezile.

Nianze na bidhaa. Ni faibaglasi, urefu mita 4, upana 3, kimo 2. Paneli ni za mita moja kwa moja: 12 za sakafu, 28 za kuta, 12 za paa. Zote 52 zilipita kwenye uchochoro wa nyuma ambao tangi la kipande kimoja lisingepita hata kwa dua. Kwa hilo tu sijutii. Ila muuzaji alinyamazia jambo moja: lita 24,000 ni za kwenye karatasi. Bomba la kumwaga ziada liko sentimita 20 chini ya ukingo, na la kutolea maji liko sentimita 10 juu ya sakafu, basi maji utakayoyatumia kweli ni lita 20,400. Ukipiga hesabu ya wapangaji wako, tumia hiyo.

Mafundi wa kwanza waliletwa na muuzaji huyohuyo. Walimaliza kwa siku mbili na nikawasifu kwa wepesi wao. Sikujua ninasifu nini.

Tangi la namna hii hukaa juu ya kuta fupi zilizopangwa sambamba kila baada ya mita moja, ili mishono ya sakafu ipate kitu cha kuegemea, na ili mtu aweze kujipenyeza chini akakaze boliti. Kwetu kuta zilikuwa nne. Ya tatu ilikuwa chini ya wenzake kwa milimita 9. Utasema milimita 9 ni nini? Kijitabu cha maelekezo kinaruhusu 2 kwa kila mita. (Kijitabu chenyewe nilikikuta baadaye ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa, chini ya mfuko wa washa za boliti.) Badala ya kuongeza saruji na kungoja ikauke, walichomeka vibanzi vya mbao.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Tangi letu likijaa hadi bomba la ziada linabeba tani 21 na zaidi. Mbao zikalowa, zikabonyea, sakafu ikainama upande mmoja, na mshono wa pembeni ukafunguka. Na kwa kuwa walilijaza lote usiku mmoja, hakuna aliyeona lilianzia wapi. Asubuhi nilikuta dimbwi linafika mlango wa stoo.

Waliporudi walikuja na gundi ya silikoni, wakapaka kwa nje. Mara tatu! Maji yanasukuma kutoka ndani kwenda nje, sasa gundi ya nje itashika nini? Hata mimi ambaye si fundi mara ya tatu nilishaelewa.

Nikatafuta mtu mwingine, mama mmoja mwenye maneno machache, alikuja na vijana wawili. Hakugusa mshono uliovuja. Alijilaza kifudifudi, akaingia chini na tochi, akakaa huko hadi nikaanza kuwa na wasiwasi.

"Mzee, tangi halina ugonjwa," akasema kutoka hukohuko. "Ugonjwa uko huku."

Akanitolea kibanzi kimoja. Kilikuwa kimebanwa hadi kikawa chembamba kama ganda la yai.

"Utakaza tu, au?" nikamuuliza.

"Ukikaza bila kusawazisha utapasua paneli. Tunafungua lote."

Niliumia, sisemi uongo. Lakini walipofungua ndipo niliona mengine. Nyuma walikuwa wameacha sentimita 30 kati ya tangi na ukuta wa jengo, kwa hiyo boliti za upande huo zilikazwa kwa kubahatisha, spana haizunguki. Sasa tuna sentimita 60, na hata mimi na kitambi changu napita. Paneli mbili za safu ya chini zilibadilishana nafasi na za safu ya juu. Zinafanana kwa macho, lakini za chini ni nene zaidi kwa sababu huko ndiko kwenye mgandamizo mkubwa, na alama yake imeandikwa kwa herufi ndogo mno pembeni. Hapa ndipo mtengenezaji anapoteza nyota: angepaka rangi tu. Tena valvu kubwa ya kutolea maji ilikuwa inaning'inia kwenye paneli bila kiegemeo chochote, na paneli ilishaanza kuchanika karibu na shimo la boliti.

Kuta fupi zilirekebishwa na kupimwa levo kwa mpira ule mwembamba wa plastiki uliojaa maji, kutoka kona hadi kona. Kisha tukangoja zege. Wapangaji walinung'unika, na waliponung'unika kwa mama fundi aliwaambia waje washike kuta kwa mikono yao basi.

Kufunga upya kulichukua siku nne. Utepe wa kuziba ulikuwa mpya, wa zamani hautumiki mara mbili. Boliti ziliingizwa zote zikiwa legelege kwanza, tangi likanyooka, ndipo zikakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana inayopima nguvu. Kijana mmoja alitaka kuongeza "kidogo tu" kwa mkono wake na akapigwa kofi la bega. Faibaglasi haivumilii ubabe.

Kujaza nako kulikuwa kwa nusu mita, kisha kulala, kukagua kwa karatasi kavu kwenye kila mshono, kisha nusu nyingine. Siku ya tatu mshono mmoja ulitoa jasho, ukakazwa robo mzunguko, ukanyamaza. Mwisho waliweka klorini, kama kilo 1.7 ya unga wa asilimia 65, ambayo kwa maji yetu ni miligramu 50 kwa lita. Ikakaa saa moja, yakamwagwa yote, tukasuuza. Wa kwanza walikuwa wametufungulia tuanze kunywa palepale, na vumbi la kutoboa mashimo limo ndani.

Malalamiko yaliyobaki ni madogo. Vyuma vya kufungia kuta vinapita ndani, kwa hiyo anayesafisha hana budi kuinama inama. Wavu wa bomba la hewa ulikuja na matundu ambayo mbu angepita akiimba, nikaweka mwembamba zaidi. Na ningerudi nyuma ningeagiza ukuta wa kugawa tangi mara mbili, nisafishe upande mmoja huku watu wanaoga kwa upande mwingine.

Ile paneli iliyochanika karibu na valvu hatukuibadilisha. Mama fundi aliiziba, akaweka kiegemeo cha chuma chini ya bomba, akachora kwa kalamu mahali ufa unapoishia na kuandika tarehe. Kila nikienda kusoma mita naimulika. Bado haujavuka mstari.