Jimu ya Ilazo, Dodoma: vyuma viko poa, ila fomu igeuze usome nyuma

Jina lao siliweki, wa Ilazo mtaijua. Nianze na tizi lenyewe. Vyuma vipo vya kutosha, mashine za kukimbilia zinafanya kazi zote, kocha wa asubuhi anawahi na akiona umepinda mgongo anakusimamisha hapohapo kabla hujaumia, na bafuni maji yanatoka hata siku mtaani yamekatika maana wana tenki lao. Jioni wakishashuka watumishi wa ofisi za serikali za Mtumba panajaa, benchi unasubiri zamu. Basi, hapo sina lawama.

Sasa fomu. Mwezi ni 60,000, ukilipa mwaka mzima 480,000, na dada wa mapokezi anaisukuma hiyo ya mwaka kwelikweli, "kaka ofa inaisha leo". Nikamwambia dada yangu nipe kwanza nisome. Mbele ni jina, simu, uzito, una presha au huna. Nyuma ndo kuna mambo, maandishi madogo tena ya Kiingereza: ada hairudishwi kwa sababu yoyote, uanachama huwezi kumpa mtu mwingine, na mwaka ukiisha unaendelea wenyewe mpaka uwe umeandika barua siku 30 kabla. Kwa sababu yoyote jamani, hapa Dodoma! Mji wa watumishi huu, leo upo Ilazo keshokutwa umepewa barua ya uhamisho unaripoti Kigoma, miezi yako tisa unaiacha hapa mtu anaila bila jasho.

Nikaomba kuonana na meneja, na huyu jamaa kwa kweli muungwana. Tumeandika kwa mkono palepale kwenye fomu kwamba nikileta barua ya uhamisho narudishiwa hela ya miezi iliyobaki, safari ya kikazi ikizidi wiki mbili siku zinasimama, na kile kipengele cha kuendelea chenyewe akakipiga mstari. Tukasaini wote pembeni, akagonga muhuri, kopi nikaondoka nayo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, walinipa bila kuwaomba, na malipo yalienda kwenye namba ya biashara siyo namba ya mtu, hilo nawapongeza.

Nasema haya kwa sababu wengi wanadhani ukishasaini umekwisha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na imegusa pia hii mikataba iliyochapwa tayari ambayo wewe unapewa kalamu tu. Msimamizi ni Tume ya Ushindani, FCC, malalamiko unawapelekea wao. Halafu kuna zile faini za "ukivunja mkataba unalipa laki mbili", ukikutana nayo jua kwamba kwa Sheria ya Mikataba kiasi kilichoandikwa ni kikomo, mahakama inatoa fidia inayostahili na inaweza kuwa chini ya hapo, siyo kwamba lazima zitoke zote. Ila uwe na karatasi mkononi. Ofa ya mdomoni haipo kwenye fomu, na dada akishaacha kazi nani atakusaidia kukumbuka? Mwambie aiandike hata kwenye meseji.

Kitu kimoja meneja amegoma kukibadilisha, ule mstari wa kwamba jimu haihusiki na ajali yoyote. Ukidondosha chuma mwenyewe sawa, lakini waya wa mashine ukikatika kwa sababu haujakaguliwa mimi nahusikaje? Hapo nimemwambia wazi sikubaliani naye, na nikachukua miezi mitatu tu badala ya mwaka.

Nyota tatu na nusu. Wakiiweka fomu kwa Kiswahili na hicho kipengele cha uhamisho kikawa cha kila mteja, siyo cha aliyeuliza peke yake, ya nne nawaongezea.