Gari lilipokataa kuutambua ufunguo: huduma niliyoipata Barabara ya Kirinyaga

Kwa miezi miwili gari langu, dogo la Kijapani lililoletwa nchini likiwa limekwisha kutumika, lilikuwa likiutambua ufunguo wake, ule wa kielektroniki usiochomekwa popote, likipenda tu. Nilikanyaga breki, nikabonyeza kitufe cha kuwashia, na badala ya injini kunguruma ikawaka taa yenye alama ya ufunguo pamoja na maandishi ya Kijapani nisiyoweza kuyasoma. Dakika moja baadaye gari liliwaka kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote.

Gereji ya kwanza, bila hata kuufungua ufunguo, iliniambia kwamba umekufa na kwamba ninunue mwingine kwa shilingi 28,000, pamoja na gharama ya kuuingiza kwenye kompyuta ya gari. Sikuridhika, kwa sababu kitu kilichokufa hakifanyi kazi mara tatu kati ya nne. Nilikuwa nimekwisha kubadilisha betri ya ufunguo, ile bapa ya CR2032 yenye volti 3, nikapata nafuu ya siku nne tu. Jambo moja lilinitatiza zaidi: kila nilipougusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe cha kuwashia, gari liliwaka bila kusita.

Fundi wa funguo niliyeelekezwa kwake Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, alilianzia hapo hapo. Alinieleza kwamba kwa kawaida antena za gari hutoa mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi kilohezi 125, yasiyofika mbali, na ufunguo ukiyapokea hujibu kwa masafa ya juu zaidi, kama megahezi 315 kwa magari mengi yaliyotengenezewa soko la Japani. Jibu hilo hutegemea betri ya ufunguo. Ukiugusisha kwenye kitufe, chipu ndogo iliyomo ndani hupata nguvu kutoka kwa gari lenyewe, wala haihitaji betri. Kwa hiyo gari lilikuwa bado linaujua ufunguo wangu. Kilichokuwa kikikatika ni umeme ndani ya ufunguo.

Hata hivyo hakukimbilia kuufungua. Aliniuliza kama huweka simu na ufunguo pamoja mkobani, akachomoa chaja ya simu iliyokuwa karibu na kitufe, kwa kuwa vitu hivyo huweza kuvuruga mawimbi, kisha akapima betri ya gari akapata volti 12.5. Ndipo alipoufungua. “Mama, betri hii haina kosa,” aliniambia, akinionyesha mita iliyosoma volti 3.1. Lakini alipoweka ncha za mita kwenye bodi ya saketi iliyomo ndani ya ufunguo na kuibonyeza pembeni kidogo kwa kidole, tarakimu zilishuka hadi sifuri. Kibati kinachoishikilia betri kilikuwa kimeachia lehemu upande mmoja, ufa mwembamba ambao mimi niliuona kwa kioo cha kukuzia tu. Nikakumbuka ufunguo ulivyoniponyoka mwezi wa kwanza ukaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Alilehemu upya, akasafisha kibati kwa spiriti na kukikunja kidogo ili kiikaze betri. Kazi yote ilichukua dakika 40 na kunigharimu shilingi 700. Betri ya zamani niliyokuwa nimeiacha mkobani aliizungushia utepe kabla ya kunirudishia, akanisihi nisiiache mahali mtoto anapoweza kuifikia, kwa kuwa betri hizo zikimezwa huunguza koo. Kwangu uangalifu huo ulikuwa na thamani sawa na matengenezo yenyewe.

Yapo ya kurekebisha. Mahali pa kuegesha ni pa shida, risiti niliipata baada ya kuiomba, na dhamana yake ni ya mdomo. Hata hivyo nitamrudia, kwa sababu alipima kwanza ndipo akataja bei.

Wiki sita zimepita. Ufunguo umekataa mara moja tu, nilipokuwa nimeulaza juu ya chaja. Nilipouondoa, gari liliwaka. Sasa ufunguo unakaa mfuko wa ndani wa mkoba, na simu mfuko wa nje.