Darubini ya kununua kwa picha za galaksi ukiwa Dar es Salaam

Anayeishi Sinza au Kariakoo, ambako taa zimelipausha anga hata Njia ya Maziwa haionekani, bado anaweza kupiga picha za galaksi, mradi achague kifaa kinachoufaa mji na ikweta.

Nafasi ya kwanza naipa darubini janja, na hasa Seestar S50, iliyoingia sokoni mwaka 2023 kwa takriban dola 500 za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Lenzi yake ina kipenyo cha milimita 50 tu, lakini huitafuta galaksi yenyewe, hupiga picha za sekunde 10 hadi 30 mfululizo, kisha huzijumlisha huku ukitazama kwenye simu. Weupe wa anga hauondoki. Hata hivyo, kila unapoongeza muda mara nne, chengachenga za picha hupungua kwa nusu, kwa hiyo usiridhike na dakika kumi. Anza na galaksi ya NGC 253, iliyo umbali wa takriban miaka-nuru milioni 11, ambayo jioni za Oktoba na Novemba hupanda juu sana. Galaksi ya Sombrero ina shida yake: kwa mtu wa Dar hupita karibu na utosi, mahali ambapo stendi ya Seestar, inayogeuka kushoto-kulia na juu-chini, hushindwa kuifuata vizuri, hivyo ipige kabla haijafika huko au ikishaanza kushuka.

Ya pili ni kamera yenye lenzi ndefu juu ya mota inayofuata nyota, na inamfaa zaidi mwenye kamera tayari. Mota hiyo lazima ielekezwe kwenye ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, nayo ncha ya kusini hapa iko nyuzi 7 hivi tu juu ya upeo, nyuma ya mapaa ya majirani. Nairobi ni kama nyuzi moja.

Dobsonian kubwa isiyo na mota, yaani darubini ya kioo inayosukumwa kwa mkono, naiweka mwisho. Kwa Mwezi na Zohali ni tamu, lakini galaksi hutoka kwenye picha upesi kwa kuwa hakuna mota ya kuifuata.

Kichujio cha taa za mji usikinunue kwa kazi hii, na kile kilichomo ndani ya Seestar kizime, kwa sababu hupitisha hasa mwanga wa hidrojeni na oksijeni, ilhali galaksi hung'aa kwa rangi zote, kama taa za LED zenyewe. Afadhali utundike turubai jeusi upande wa taa ya ulinzi ya jirani.