Filamu kubwa za Julai: zipi za kulipia, zipi za kungojea

Kila upepo wa kusi ukishika, malalamiko ya wasomaji huwa ni yale yale. Wa Chake, Pemba, anauliza vipi filamu yenye asilimia 90 na kitu imemlaza usingizi kabla ya nusu. Wa Mwanakwerekwe, Unguja, kapanda boti kwenda Dar kwa ajili ya filamu iliyosifiwa mtandao mzima, karudi anasema wahakiki wamehongwa. Hawakuhongwa. Alama imesomwa sivyo, na gharama imemwangukia aliyeisoma.

Basi humu hamna habari za ukubwa wa TV, majina ya waigizaji wala uzuri wa trela. Hayo kila mtu ana lake la kusema. Hapa ni alama za wahakiki tu, na jinsi zinavyopaswa kuamua pesa itoke kwa njia gani: ukumbi, kukodi, kifurushi cha mwezi, dishi au flashi. Msimu wenyewe Wamarekani huuanza wikiendi ya kwanza ya Mei na kuufunga mapema Septemba; kwao joto, kwetu kipupwe. Ndipo studio zinapozimwaga filamu zao za gharama kubwa kabisa, moja juu ya nyengine, na ndipo asilimia zinapobandikwa kwenye kila tangazo.

Asilimia haisemi filamu ni nzuri kiasi gani

Ile asilimia yenye picha ya tungule ni ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Inahesabu kitu kimoja tu: katika wahakiki wote walioandika, wangapi wameipitisha filamu. Haihesabu wameipenda kiasi gani. Aliyeandika kwamba si mbaya, inatazamika, na aliyeandika kwamba hajaona mfano wake, wote wawili huhesabiwa tungule moja nyekundu. Ni sawa na kusimama Forodhani ukawauliza watu kumi kama urojo wa fulani unalika. Wote wakisema unalika, huyo kapata mia kwa mia, na bado hujui kama utamaliza bakuli.

Kokotoa mwenyewe. Filamu ya kwanza ina wahakiki kumi na kila mmoja kaipa 6 kwa 10. Asilimia yake ni 100, maana hakuna aliyeikataa. Wastani wake ni 60. Filamu ya pili: saba wameipa 10 kwa 10, watatu wameipa 3. Asilimia ni 70, wastani ni 79. Anayenunua kwa asilimia ataichukua ile ya kwanza, na ndiyo itakayomlaza. Filamu nyingi za Julai ni za aina hiyo ya kwanza, kwa sababu pesa iliyoingia ndani yake ni nyingi mno mtu kuthubutu. Zinatengenezwa zisimuudhi yeyote.

Mpaka wa tungule nyekundu ni asilimia 60. Muhuri wa Certified Fresh unataka asilimia 75 na, kwa filamu iliyotolewa kumbi nyingi, uhakiki usiopungua 80, mitano kati ya hiyo ikiwa ya wahakiki wanaowaita wakubwa. Hata muhuri huo haugusi wastani. Na tangu 2016 tovuti hiyo iko chini ya Fandango, kampuni inayouza tiketi za sinema. Sisemi kwamba hesabu inachezewa. Kanuni yao imeandikwa wazi na kila mtu anaweza kuisoma. Nasema muuza tiketi hana haraka ya kukufafanulia kwamba 96 si alama ya mtihani.

Upande wangu ni Metacritic

Sifichi. Metacritic ilifunguliwa 2001, na kazi yake ni hii: inachukua alama ya kila mhakiki, inaigeuza iwe kati ya 0 na 100, kisha inatoa wastani. Kijani huanzia 61, njano ni 40 mpaka 60, nyekundu ni 39 kushuka. Kasoro zake nazijua. Magazeti mengine yanapewa uzito zaidi na uzito huo hawautangazi, na mhakiki asiyetoa namba hukadiriwa na wafanyakazi wa tovuti wenyewe. Pamoja na hayo, inajibu suali ambalo mwenye pesa mfukoni analiuliza: nzuri kiasi gani?

Tazama tofauti. Top Gun: Maverick ya 2022 ina asilimia 96 kule Rotten Tomatoes, huku Metacritic ina 78. Hiyo 78 ni alama ya juu kwa filamu ya vishindo, wala si kuishusha. Superman ya 2025 ina asilimia 83 hivi, Metacritic ni 68. Aliyeisikia 83 alikwenda akitegemea filamu ya mwaka. 68 ilikuwa inamwambia mapema kwamba ni burudani safi, usiongeze matarajio. The Flash ya 2023: 63 kwa 55. Kule imevuka mpaka ikapata tungule nyekundu, huku imekaa kwenye njano, na njano ndiyo kweli yake.

Ukishaipata namba, usiishie hapo. Shuka chini uangalie zilivyotawanyika. Filamu ya 65 ambayo kila mhakiki kaipa kati ya 60 na 70 ni ya kutazama huku unakunja nguo. Filamu ya 65 yenye 100 kadhaa na 25 kadhaa ni mali nyengine kabisa: soma uhakiki mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mara nyingi utakuta wanasifu na kulaumu jambo lile lile, labda urefu, labda mzaha mwingi. Hapo utajua wewe uko upande gani, na hakuna namba itakayokwambia hilo.

Wakati nao una maana. Posti za furaha zinazotoka usiku wa zulia jekundu si uhakiki. Ni watu waliokaribishwa kwenye sherehe. Studio huweka siku na saa ambayo wahakiki wanaruhusiwa kuchapisha. Ikiruhusu wiki nzima kabla ya filamu kutoka, inajiamini. Ikizuia mpaka siku ile ile, weka pesa mfukoni. Mimi siiamini namba ya Metacritic mpaka uhakiki ufike 40. Filamu kubwa hufika huko wikiendi ya kwanza, na kabla ya hapo alama hupanda na kushuka kila saa.

Namba ya pili ya kuangalia ni herufi ya CinemaScore. Kampuni hii ya Las Vegas, inayofanya kazi tangu 1979, huwauliza watazamaji wanaotoka ukumbini usiku wa kwanza na kutoa alama kuanzia A+ mpaka F. Kosa la kawaida ni kudhani B ni nzuri. Wanaokwenda usiku wa kwanza ni mashabiki waliokwishaipenda filamu kabla ya kuiona. Wakitoa B, kuna kitu kimeharibika. The Flash ilipata B. Jurassic World Dominion ya 2022 ilipata A- wakati wahakiki wameipa asilimia 29 na Metacritic 38, na bado iliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Ukiwa na watoto wanaotaka dinosau, herufi ndiyo yako. Ukiwa peke yako, shika 38.

Nyota za IMDb, tovuti ambako mtazamaji yeyote hupiga kura, ziruke wiki mbili za mwanzo. Mashabiki wanapiga 10, maadui wanapiga 1.

Sasa ulipie vipi

Ya kwanza kwangu ni kukodi filamu moja mtandaoni. Kipimo: Metacritic 61 na zaidi. Filamu nyingi kubwa hukaa kumbini kama siku 45, nyengine chini ya hapo, kisha hutolewa kwa bei ya juu, na baada ya wiki kadhaa bei ya kukodi hushuka. Ya 75 na zaidi ilipie ikitoka. Ya 61 mpaka 74 ingojee ishuke, haitaoza. Kwa kawaida unapewa siku 30 za kuanza kutazama na, ukishabonyeza, saa 48 za kumaliza. Usibonyeze "kuonja tu" Ijumaa kama familia itakusanyika Jumapili usiku. Kabla ya yote hakikisha kitufe cha kukodi kinatokea kwenye akaunti yako. Simu nyingi hapa zimeletwa na jamaa kutoka Muscat, Dubai au Uingereza na akaunti imefunguliwa huko huko, kwa hiyo duka linalokuja ni la nchi hiyo na kadi ya hapa inakataliwa. Google inaruhusu kubadilisha nchi mara moja tu kwa mwaka, basi badilisha ukiwa na kadi tayari mkononi, iwe ya benki au ile ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa za simu.

Ya pili ni ukumbi, na hapa nakuwa mkali: 75 kwenda juu, na lazima wahakiki wawe wameisifia picha na sauti yenyewe, si hadithi peke yake. Hadithi nzuri haipungui kwenye TV ya inchi 32. Mngurumo wa ndege za kivita unapungua. Kwa anayesafiri kwenda kumbi za Dar, kama Century Cinemax ya Mlimani City, boti kutoka Unguja ni kama saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na boti ya mwisho haingojei filamu ya jioni. Chagua onesho la mwanzo la mchana au tia hesabuni pesa ya kulala. Wa Pemba ana safari nyengine kabla ya hiyo, kwa hiyo kwake naipandisha iwe 85, na filamu za Julai zinazofika alama hiyo ni chache mno. Sinema ya Majestic ya Vuga, hapa Unguja, iliyofunguliwa 1955 mahali ilipoungua sinema ya Royal, kwa miaka mingi haijaonesha filamu mpya ya aina hii, na kila nikipiga hesabu ya boti naikumbuka kwa uchungu.

Ya tatu ni kifurushi cha mwezi, Netflix au Prime Video. Hapa ndipo pa kuzipeleka filamu za 50 mpaka 60: unalipa mara moja, ikikuchosha unafunga. Ila usijiunge kwa ajili ya filamu moja ya Julai. Kila studio ina mahali pake pa kuipeleka baada ya kumbi, na huenda ikakawia miezi au isije kabisa kwenye orodha ya Tanzania. Bando nalo lina hesabu yake: kwa Netflix kwenye kompyuta au TV, ubora wa kati hula kama GB 0.7 kwa saa, na HD mpaka GB 3. Filamu ya saa mbili na nusu ni GB 1.75 au GB 7.5. Filamu ya 55 haistahiki GB 7.5. Shusha ubora, au ipakue kwa Wi-Fi ya mtu.

Ya nne ni chaneli za filamu za dishi. Zinafika, lakini baada ya muda mrefu, na huchagui wewe.

Ya mwisho ni flashi. Filamu iliyotoka wiki iliyopita na tayari imejaa kwenye flashi ni kopi ya kamera, iliyorekodiwa ukumbini, giza kwenye kingo na vicheko vya watu wengine ndani. Juu ya kuvunja hakimiliki, inakunyima haki ya kusema filamu ni mbaya, kwa maana hujaiona.

Na hapa wauzaji wanastahiki kuambiwa. Wanaobandika karatasi ya "asilimia 95" kwenye kioo cha duka hawasemi ni asilimia ya nani, wala ilichukuliwa lini. Nyengine ni ya saa za mwanzo, uhakiki kumi na tano tu, na ilishashuka zamani. Wengine huokota neno moja tamu kutoka uhakiki wa lawama tupu, wakaliandika kwa herufi kubwa. Mchezo huo studio zenyewe ndizo zilizowafundisha. Walio wabaya zaidi ni wale wanaopandisha bei kwa filamu "iliyotafsiriwa": msimulizi anazungumza juu ya sauti ya waigizaji mwanzo mpaka mwisho, anaongeza mzaha wake, anaruka mazungumzo asiyoyaelewa. Wengine wanaipenda hiyo kwa haki yake, na hapana ubaya. Lakini wahakiki hawakuihakiki hiyo, na alama iliyobandikwa juu yake si yake.

Bei ya bando nayo ina maneno. Kukodi kihalali kunakuwa ghali si kwa filamu bali kwa GB za kuishusha, na bando la siku huisha usiku wa manane filamu ikiwa robo tatu. Nunua la wiki, anza kupakua mapema usiku, na angalia nafasi iliyobaki kwenye simu kabla hujabonyeza, maana upakuaji ukikwama asilimia 80 kwa kukosa nafasi, GB zilizokwenda hazirudi.